Ukipangiwa fildi ofisi ya kilimo msimu wa Nane Nane

Mimi ni bibi shamba mkoani Morogoro. Vyuo vikifunga, ofisi yetu hupokea wanafunzi wa fildi, wengine wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), wengine wa chuo cha kilimo cha MATI Ilonga. Wanafika wakitazamia kwenda vijijini, wanakuta ofisi nzima habari ni moja tu: maonesho ya wakulima ya Nane Nane. Mdogo wangu, usivunjike moyo. Nane Nane ukiitumia vizuri, wakulima wa kata ambazo usingezifikia kwa pikipiki mwezi mzima wanakuja wenyewe mpaka ulipo.

Kama chuo kinakuruhusu, wahi. Maonesho huanza tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8, lakini vipando, yaani mazao ya kuonesha yanayopandwa hapo hapo uwanja wa Mwalimu Nyerere, hushughulikiwa tangu masika. Mahindi ya siku 120 huwa ya kuchoma yakifika siku 80 hadi 90, kwa hiyo ili mgeni ayakute yamebeba, yanapandwa mwanzoni mwa Mei. Ukija Julai utakuta kumwagilia, kupalilia na kukagua viwavijeshi vamizi. Kagua asubuhi, jua halijawa kali, na hindi ulifungue nchani penye nywele, maana kiwavi hujificha humo.

Vibao ni kazi ya wanafunzi kila mwaka. Andika aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, nafasi na mbolea, kwa herufi za kusomeka kwa mbali. Lakini kibao peke yake hakifundishi. Uwe na kamba ya katani yenye mafundo kila sentimita 30, mshikishe mkulima upande mmoja, wewe shika mwingine, muilaze kwenye mstari wa mahindi. Kila fundo lina shina lake. Akishaiona kwa mkono wake, ataifunga ya kwake nyumbani.

Kipimo kingine ninachokipenda ni cha chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi kama robo, ongeza chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na yakiwekwa ghalani hivyo yataota ukungu. Hapo ndipo uzungumzie sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo. Akishaiona chumvi imeganda, humsikii tena akibisha.

Sasa kuhusu watu. Salamu kwanza. Mzee akiingia bandani ni shikamoo, umpishe kivulini, umuulize ametoka kata gani na analima nini. Usimpokee kwa maelezo uliyokariri. Wengi hawakuja kutazama, wamekuja na tatizo. Kuna mama wa Mvomero alifungua kanga akatoa jani la muhogo, lina umanjano kando ya vena. Mwanafunzi aliyempokea akamuuliza: “Mama, ukiukata muhogo wenyewe ndani ukoje?” Akasema una madoa ya kahawia, makavu. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi kahawia. Yule kijana akamweleza asichukue pingili za shamba lile kupandia tena, akaandika jina, kijiji na kata, akamletea afisa ugani wa kata hiyo siku ileile. Baada ya maonesho tulikwenda kuliona shamba. Huyo ndiye mwanafunzi ninayemtaka ofisini kwangu.

Kwa hiyo daftari usiliache: jina, kijiji, kata, zao, swali, na jibu ulilotoa. Swali usilolijua, sema unamwita mtaalamu, umwite kweli. Kipimo cha dawa usikibuni hata siku moja. Mtu atakwenda kupulizia chakula cha watoto wake. Jifunze mapema pia taratibu za kujiandikisha kwa mbolea ya ruzuku, maana tangu ilipozinduliwa kwenye Nane Nane ya Mbeya mwaka 2022, hakuna swali linaloulizwa zaidi.

Waamuzi watapita na karatasi zao za alama, mgeni rasmi naye atapita na msafara, na kila mtu atakimbilia mbele. Kombe ni zuri, tunalitaka. Ila ukiwa katikati ya mazungumzo na mkulima, mkabidhi kwa mwenzako kabla hujaondoka, usimwache amesimama na jani lake mkononi.

Nauli, chakula na malazi uulize siku ya kuripoti, tena kwa afisa anayekusimamia, usisikilize wenzako. Njoo na kofia, viatu vya kufunika miguu na sweta la usiku.

Tarehe 9 wengi huona kazi imekwisha. Wewe kaa na daftari lako, panga maswali kata kwa kata, nakili, mpe kila afisa ugani ya kwake, kisha omba kufuatana na mmojawapo mpaka kwenye mashamba hayo. Ripoti ya chuo utaiandika kutokana na utakachokikuta huko.