Birika la kuakisi ukuta: anza na kioo, sululu baadaye

Kabla ya kuchimba birika la maji uani, la kuakisi ukuta, mimi humwomba mwenye nyumba kioo kikubwa. Nakilaza chali hapo uani, kisha namwambia akakae barazani, pale pale atakapokuwa akinywa kahawa yake jioni. Mara nyingi anachokiona kiooni ni mbingu tupu au kipande cha ukuta cha chini. Nakisogeza kidogo kidogo hadi ncha ya juu ya ukuta itokee. Maji lazima yafike hapo.

Hesabu yake ni nyepesi, maana mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Ukikaa, macho yako yapo kama mita 1.2 juu ya maji. Tuseme ukuta ulio mbele yako una kimo cha mita 4.8, yaani mara nne ya hapo. Gawa nafasi iliyo kati yenu mafungu matano: moja lako, manne ya ukuta. Ua ukiwa wa mita 5, ncha ya ukuta utaiona majini mita 1 tu kutoka ulipokaa. Wengi hulibana birika chini ya ukuta, wakadhani picha iko huko. Mimi nalileta miguuni pa mkaaji.

Kina cha sentimita 25 kinatosha, kwa kuwa kinachofanya kioo ni weusi wa sakafu. Changanya rangi nyeusi ya saruji kwenye niru, ule uji wa saruji wa kulainishia sakafu. Vigae vya buluu viache kwa mabwawa ya kuogelea. Zege nalipiga 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) juu ya nyavu ya chuma, nikilimwagilia maji siku 7.

Kazi ngumu ni ukingo. Lazima ulingane usawa pande zote, na pimamaji ya mkono haitoshi kwa urefu wake. Tumia mpira mwangavu uliojaa maji, usio na hata povu moja. Birika langu la kwanza lilikuwa la mita 9, na ncha moja ya ukingo ilizama sentimita 2. Huku maji yalifurika, kule ukabaki utepe mkavu wa saruji ambao jicho haliachi kuuona. Nilibomoa mawe yote ya ukingo nikaanza upya.

Kisha jaza, tumbukiza ndoo yenye maji, utie alama ya usawa wa maji ndani na nje ya ndoo. Jua hula maji pote sawa. Baada ya siku 3, birika likishuka kuliko ndoo, linavuja. Usione haya. Hata bwawa la kuakisi la Lincoln Memorial, jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln kule Washington, Marekani, lenye urefu unaozidi mita 600, lilivuja na kudidimia hadi likajengwa upya kati ya 2010 na 2012.

Nyumbani kukiwa na mtoto mdogo, weka geti. Maji haya mafupi yanaua.

Kwa mbu, fuata wazee wa Lamu: walitia samaki wadogo kwenye mabirika yao ili wale viluwiluwi vya mbu. Ila maji mafupi meusi hupata moto mchana, kwa hiyo wachimbie samaki shimo la sentimita 60 upande wenye kivuli. Pampu ya kuzungusha maji iwashe usiku, uizime alfajiri, uso wa maji upate kutulia kabla watu hawajaamka.