Jinsi ya kuachana na kuskroli ukiwa Kigoma

Kama umechoka kuskroli TikTok mpaka bando linakata na hukumbuki hata video moja, anza na notifikesheni. Ingia setingi zima zote, bakiza za kupigiwa, meseji na hela basi. Bando la mwezi acha, chukua dogo la siku, likiisha limeisha.

Sasa hapa ndo wengi wanafeli, wanazima data halafu hawana cha kufanya, muda si mrefu wako palepale. Tafuta cha kufanya kwanza. Mi nashauri asubuhi shuka mwalo wa Kibirizi boti za dagaa zikirudi, simu iache geto, waamkie wanaoanika, shikamoo mama naomba nikusaidie, utapewa ndoo, utagombezwa kwamba unawarundika dagaa badala ya kuwatandaza, na stori za pale komediani gani anazifikia! Boti za kwenda hifadhi ya Gombe zinaanzia hapohapo, na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alivyofika Gombe 1960 sokwe walikuwa wanamkimbia miezi kibao, yeye kakaa tu na darubini na daftari. Nawe beba daftari, la buku linatosha, andika ulichoona.

Jioni ukiwasha data ingia na shida maalum, ukishaipata toka.