Pima gari-nyumba kabla ya kupanda Going-to-the-Sun Road
Kama mnapanga kukodi gari-nyumba, yale yenye vitanda na jiko ndani, mkatembee hifadhi ya Glacier kule Montana, Marekani, chukueni futi kamba kwanza. Kwenye Going-to-the-Sun Road, barabara ya milimani inayoikatiza hifadhi hiyo, gari linalozidi futi 21 kwa urefu, yaani kama mita 6.4, au futi 8 kwa upana haliruhusiwi kati ya sehemu mbili za barabara hiyo ziitwazo Avalanche na Rising Sun. Na hapo ndipo penye mandhari yenyewe! Bampa na vioo vya pembeni vinahesabiwa. Vioo ndivyo watu husahau. Kimo kikipita futi 10, miamba iliyojitokeza juu ya barabara magharibi mwa Logan Pass, sehemu ya juu kabisa ya barabara, inaweza kulikwaruza paa.

Gari likizidi, liacheni kambini mpande na gari dogo, au na yale mabasi mekundu ya watalii. Kulihamishia upande wa pili, zungukeni kusini kwa barabara ya US 2. Kwenye mteremko wekeni gia ndogo, injini ilizuie gari. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto ikaacha kushika. Msiwahi sana pia: mara nyingi theluji huziba kule juu hadi mwisho wa Juni, wakati mwingine Julai.