Uji wa wimbi, soya na simsim kwa mama anayesahausahau hedhi ikikoma

Hedhi inapoelekea kukoma, estrojeni (homoni ya kike) hupanda na kushuka ovyo, joto la ghafla hukata usingizi, na wengine hutokwa na damu nyingi hadi kupungukiwa madini ya chuma. Mama aliyelala vibaya na mwenye damu pungufu huweza kusahau. Uji huu unalenga usingizi na damu. Usidanganywe kwamba soya inarudisha kumbukumbu moja kwa moja: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulifuata kwa miaka miwili na nusu wanawake 350 waliokoma hedhi, na uwezo wa jumla wa akili haukuongezeka kwa sababu ya soya.

Nunua wimbi kilo 1, soya nusu kilo na simsim robo kilo. Pale soko la Kibuye, Kisumu, shika soya mkononi kwanza. Punje zilizonyauka au zenye ukungu acha, huenda zina sumukuvu.

1. Chemsha maji. Yakitokota ndipo utie soya kavu, dakika 30. Ukianza na maji baridi, harufu ya maharage mabichi haitoki tena. Soya isiyoiva pia huzuia mwili kumeng'enya protini, na tumbo hujaa.

2. Mwaga maji, sugua maganda yatoke, anika hadi punje ivunjike kwa jino bila kubonyea. Kisha kaanga kwa moto mdogo hadi ibadilike rangi kidogo.

3. Changanya na wimbi kabla ya kwenda kusaga. Soya peke yake ina mafuta mengi, huziba chekeche, na mwenye mashine atakufukuza. Simsim usiipeleke kabisa: kaanga dakika chache, twanga kwa kinu, weka kando.

4. Koroga kikombe 1 cha unga na vikombe 2 vya maji vuguvugu, ongeza vijiko 2 vya uji mchachu wa zamani, funika. Kisumu usiku mmoja unatosha. Nakuru kwenye baridi ngoja siku mbili. Kuchacha hupunguza asidi ya fitiki inayoshikilia chuma. Ukinuka uozo badala ya uchachu, mwaga.

5. Mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, koroga, pika dakika 15.

6. Kila kikombe kitie kijiko cha simsim, robo kijiko cha chai cha manjano, pilipili manga kidogo na ndimu. Manjano bila mafuta na pilipili hupita tu. Ndimu husaidia chuma kuingia mwilini.

Chai ya majani ingoje saa nzima baada ya uji, kwani hushika chuma. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Unga hifadhi mahali pakavu, utumie ndani ya mwezi. Mafuta ya soya huchacha vibaya.

Anayemeza levothyroxine (dawa ya tezi ya shingo) atenganishe dawa na uji kwa saa 4. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), au aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aulize daktari kwanza. Mwenye kisukari aliyetumia metformin kwa miaka apimwe vitamini B12, maana ikipungua huleta usahaulifu na uji huu hauna. Ale omena, mayai au maziwa. Anayepotea njia ya nyumbani, au anayetokwa damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, aende hospitali wiki hiyo hiyo.