Pete ya uchumba ukiwa ughaibuni: inunue karibu na kidole

Jiwe la pete yangu ya uchumba lilidondoka nikiwa nakanda unga wa chapati, nyumbani Leicester, mwaka wa pili wa ndoa. Niliuchambua unga wote kwa vidole, nikafungua bomba la sinki, nikamulika chini ya friji kwa tochi ya simu. Halikuonekana. Pete hiyo mume wangu aliinunua Dubai alipokuwa akipita kuja Mombasa kwa posa. Ilikuwa na risiti, ilikuwa na cheti, na bei ilikuwa nzuri. Nilipowapigia simu wenye duka walinijibu kwa adabu kwamba waranti bado ipo, ila pete lazima ifikishwe dukani kwao. Nauli ya ndege ilikaribia bei ya jiwe lenyewe.

Tangu siku hiyo, wadogo zangu na rafiki zao wanaponipigia kutoka Minneapolis, Toronto au Doha na kuniuliza, "Dada, pete ninunue wapi?", huwa nawarudishia swali: atakayeivaa anaishi wapi? Wengi wao wanataka tuanze na bei. Bei tutaifikia. Lakini pete yenye jiwe huvaliwa kila siku, na vile vijino vinavyolishika jiwe vinalika, vinapinda, vinanasa kwenye kanga na kwenye sweta. Kidole nacho hunenepa na kukonda kwa uzazi, kwa umri, kwa joto na baridi. Pete ya namna hiyo inahitaji sonara wake, kama gari linavyohitaji fundi, na sonara huyo awe mtu unayemfikia kwa basi.

Kwa hiyo kama nyote wawili mko Birmingham, nunueni Birmingham. Kama yeye yuko Tanga na mtasubiri viza mwaka mmoja au miwili, mimi ningemvisha kwanza pete ya dhahabu isiyo na jiwe kutoka kwa sonara wa mjini kwao, ile ya jiwe mkainunue pamoja akishafika. Kwetu Pwani uchumba husimama kwa barua ya posa, mshenga, kishika uchumba na mahari. Hakuna mzee atakayeirudisha barua kwa kuwa pete haina almasi. Na kama hutakuwepo, mtume mama au shangazi aende dukani. Wanawake wa Pwani wanaijua dhahabu kwa uzito wake mkononi, na sonara anayewafahamu hathubutu kuwachezea.

Kipimo cha kidole kimewatia wengi hasara. Mchumba wa mdogo wangu alipimwa Minneapolis mwezi wa Januari, vidole vimesinyaa kwa baridi. Desemba iliyofuata wakaenda kuvishana pete Dar es Salaam mbele ya ukoo mzima, na pete ikakwama kwenye kifundo. Pima jioni, mwili ukiwa na joto, na upime siku mbili tofauti. Ujue pia kwamba Marekani hutumia namba, Uingereza herufi, na sehemu kubwa ya Ulaya hutumia milimita za mzingo wa kidole. Namba 6 ya Marekani ni kama L na nusu ya Uingereza, au milimita 52. Pete iliyozungushiwa vijiwe pande zote karibu haiwezekani kuipanua, na ya tungsteni haipanuliki kabisa.

Dhahabu ya mama na dhahabu ya dukani

Tumelelewa tukijua kwamba dhahabu ni karati 22, ile ya manjano iliyoiva. Ukiingia duka la Uingereza unakuta 9 na 18, Marekani unakuta 14, na moyo unakuambia unaibiwa. Huibiwi, ila elewa unachonunua. Karati 24 ni dhahabu tupu. Ya 22 huandikwa 916, yaani sehemu 916 kati ya 1,000 ni dhahabu. Ya 18 huandikwa 750, ya 14 huandikwa 585, ya 9 huandikwa 375. Kinachobaki ni madini mengine yanayoipa ugumu. Dhahabu kadiri inavyokuwa safi ndivyo inavyokuwa laini, na hapo ndipo pete yangu iliponiponza: ilikuwa ya karati 22, na jiwe limeshikwa na vijino vinne vyembamba. Sonara wa hapa alivigusa kwa koleo mbele yangu, vikasogea.

Kwa bangili, mikufu na pete tupu, endelea na 22, ni akiba inayovalika. Kwa pete ya jiwe chukua karati 18 au platinamu. Usichanganye pia karati ya dhahabu na karati ya almasi. Ile ya dhahabu hupima usafi. Ya almasi hupima uzito, na karati moja ni gramu 0.2.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni kazi unayofanya. Wengi wetu ughaibuni tunalea wazee au tuko wodini, tunavaa na kuvua glavu kutwa nzima. Katika hospitali za umma za Uingereza, mhudumu wa wagonjwa kwa kawaida huruhusiwa pete tupu tu, isiyo na jiwe. Kama mchumba wako ni muuguzi huko, pete ya jiwe itakaa kwenye kabati la kazini zamu nzima, na kabatini ndimo pete zinamopotelea. Huyo avae pete tupu kazini. Kwa anayeruhusiwa jiwe, mtafutie ambayo jiwe lake limelala chini na kuzungushiwa ukingo wa dhahabu badala ya vijino.

Nchi uliyopo inakulinda vipi

Uingereza ina utaratibu ninaouamini sana. Kwa sheria ya mwaka 1973, pete ya dhahabu yenye uzito wa gramu moja au zaidi haiwezi kuuzwa kwa jina la dhahabu bila kupimwa na kugongwa muhuri katika ofisi huru. Ndani ya pete tafuta alama ya aliyeipeleka kupimwa, namba ya usafi kama 750, na alama ya ofisi: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, waridi ni Sheffield, ngome ni Edinburgh. Ofisi ya Birmingham inafanya kazi hiyo tangu 1773. Duka nalo linatakiwa kubandika tangazo linaloeleza alama hizo, usipoliona, uliza.

Marekani haina ofisi ya serikali inayopima kila pete. Muuzaji mwenyewe ndiye anayegonga 14K, yaani karati 14, na sheria ya tangu 1906 inamtaka aweke na alama yake ya biashara pembeni, ili ajulikane wa kushikwa. Kwa hiyo huko unachagua mtu kabla ya kuchagua pete. Barabara ya 47 ya New York na Wabash ya Chicago zina masonara wamejipanga mlango kwa mlango, na bei hupungua ukiwa na subira. Ingia maduka matatu, usinunue siku ya kwanza. Haki ya kurudisha bidhaa pia inategemea sana sera ya duka, basi iombe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Uingereza na Umoja wa Ulaya, ukinunua kwa mtandao una siku 14 za kubadili mawazo, isipokuwa kwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili yako, kama pete iliyochorwa majina yenu. Ukilipa Uingereza kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji mambo yakiharibika. Muuzaji wa Instagram asiye na anwani anayetaka utume pesa moja kwa moja benki, mwache.

Ughaibuni kuna pia mitaa ya Wahindi, na hapo mtu wa Afrika Mashariki hajihisi mgeni. Barabara ya Belgrave hapa Leicester imejaa maduka ya dhahabu, na baadhi ya wenyewe ni familia zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972. Ealing Road ya Wembley, Devon Avenue ya Chicago na Oak Tree Road ya New Jersey ni za jamii hiyo hiyo: karati 22 ipo, unaona inavyopimwa, na unaweza kujadiliana.

Dubai na Muscat

Siwakatazi Ghuba. Katika soko la dhahabu la Deira bei ya gramu hutangazwa kila siku, na hiyo haina mjadala mkubwa. Unachojadili ni ufundi, yaani ujira wa kutengeneza unaoongezwa juu ya uzito. Mtake muuzaji aandike kando kando: uzito, bei ya gramu, ufundi na kodi. Kodi ni asilimia 5, na mgeni hurudishiwa sehemu kubwa yake uwanja wa ndege, mradi aliomba hilo dukani wakati wa kununua. Malizana na jambo hilo kabla ya kukabidhi mizigo, maana wanaweza kutaka kuiona pete. Muscat, ndani ya soko la Mutrah, ukisalimia kwa Kiswahili usishangae kuitikiwa. Waomani wenye asili ya Zanzibar wako wengi mjini humo. Huko nenda kwa seti ya harusi na bangili, si kwa pete ya jiwe itakayoishi Leeds.

Ukirudi, ujue kikomo cha forodha. Kwa msafiri wa ndege Uingereza huruhusu bidhaa za pauni 390, Umoja wa Ulaya euro 430, na Marekani dola 800 kwa mkazi anayerejea. Zaidi ya hapo unatangaza, hata kama pete imeshavaliwa kidoleni.

Jiwe

Ukinunua almasi, omba cheti cha GIA au cha maabara nyingine inayoheshimika, kisha ingiza namba yake mwenyewe kwenye tovuti ya maabara, hapo hapo dukani. Mara nyingi namba hiyo huwa imechorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, na sonara mwenye lenzi anaweza kukuonyesha. Cheti cha duka lenyewe mimi nakihesabu kama tangazo.

Almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa, ni almasi kweli, kaboni ile ile, na bei yake imeporomoka sana miaka ya karibuni. Kama mfuko hauruhusu, sioni aibu yoyote kuichagua. Ila muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ni ya maabara, na usiinunue kwa kutegemea kuiuza kesho. Moisanaiti ni jiwe zuri na gumu, lakini si almasi. Anayekuuzia kama almasi anakudanganya.

Wengine hutaka jiwe la kwao. Mwadui ya Shinyanga ndiyo ilikotoka ile almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyopewa Elizabeth mwaka 1947 kwa harusi yake, kabla hajawa Malkia. Lakini dukani London huwezi kwa urahisi kujua almasi imetoka nchi gani, kwa sababu cheti cha Kimberley, ile hati ya kimataifa ya kuzuia almasi za vita, husafiri na almasi ghafi tu, hakilifuati jiwe lililokatwa.

Kwenye vito vya rangi njia ipo, na hapa naomba msikilize: tanzanaiti msiiweke kwenye pete ya kila siku. Naipenda, ni yetu, duniani huchimbwa Mirerani peke yake. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za mchanga wenye ugumu wa 7. Kila ukiifuta unaikwaruza. Iwe herini au kidani. Kwa pete chukua yakuti ya Umba au ya Tunduru, ambayo ugumu wake ni 9, au spineli ya Mahenge, Morogoro, yenye 8 na rangi kati ya waridi na nyekundu inayowaka hata chini ya taa hafifu. Nunua Arusha kwa mfanyabiashara mwenye leseni, upewe risiti na kibali cha kusafirisha nje. Jiwe bila kibali unaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege, na utakuwa umelipoteza kihalali.

Ukishafika, piga picha ya pete, cheti na risiti, kisha mjulishe mwenye bima ya nyumba. Bima nyingi zina kikomo kwa kitu kimoja, na pete isiyotajwa jina hailipwi kikamilifu.

Shimo la pete yangu lilikaa wazi miezi minane. Mume wangu alipokwenda likizo alirudi na spineli ya Mahenge, ndogo kuliko almasi ya mwanzo, karatasi zake zote zikiwa kwenye bahasha. Aliyeiweka ni sonara wa Belgrave, mzee aliyezaliwa Jinja, Kiswahili chake cha sokoni bado anacho. Akaniuliza nafanya kazi gani, akaniangalia mikono, akakataa kuweka vijino. Akaizungushia ukingo wa karati 18. Duka lake ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Kabla ya kila Idi nampelekea, anaigeuza chini ya lenzi, anagonga kidogo hapa na pale, na naondoka nayo kidoleni.