Chensoo inayofifia ukibana mafuta hadi mwisho

Chensoo, yaani msumeno wa injini, inawaka vizuri, sailensa (mzunguko wa injini bila kubana mafuta) imetulia, lakini ukibana mafuta hadi mwisho inagugumia, inafifia au inazima kabisa. Kwenye sailensa injini inahitaji mafuta kidogo mno, kwa hiyo njia iliyoziba nusu bado inatosha. Kwenye resi ya mwisho haitoshi tena, na hapo ugonjwa unajitokeza. Wengi hukimbilia bisibisi na kuzungusha skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima mafuta ya resi ya mwisho. Usifanye hivyo. Skrubu inaweza kuficha ugonjwa kwa siku mbili tatu, kisha pistoni ikaungua, hasa kwa anayepasua mbao, maana kupasua ni kubana mafuta dakika nyingi mfululizo bila kupumzisha injini. Skrubu ni kazi ya mwisho.

Kwanza hakikisha tatizo ni la injini. Ikipiga resi safi hewani na kulemewa ndani ya gogo tu, na kinachomwagika ni unga badala ya vipande, noa mnyororo kabla ya kufungua chochote. Angalia pia kama breki ya mnyororo imeachia. Kubana mafuta huku breki imefungwa kunaunguza klachi.

Sasa mafuta, na hapa kaa sana. Kwenye mialo na visiwa vya Ziwa Victoria ni rahisi kuchota petroli iliyochanganywa kwa ajili ya injini ya mtumbwi. Oili ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Chensoo inapozwa na hewa, na silinda yake hupata joto kali zaidi. Tumia oili iliyoandikwa JASO FD au API TC. Kwa mashine ya 50:1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja, weka mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli, yaani 100 kwa dumu la lita 5; kama kitabu cha mashine kinasema 25:1, weka 40 kwa lita. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, si kwa kizibo. Kuzidisha oili “ili injini ilainike” hakusaidii: kila tone la oili linachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo petroli inayofika inapungua, na masizi yanaongezeka kwenye ekzosi.

Dumu lililosafiri ndani ya mtumbwi huingiza maji. Mimina mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie dakika kumi. Maji yatakaa chini kama tabaka la pekee. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie.

Mafuta yakiwa sawa, fuata njia yake. Kwa waya uliokunjwa ncha, vuta filta ya mafuta kutoka ndani ya tangi. Ikiwa imegeuka kahawia au ngumu, badilisha, usiipulize na kuirudisha. Kunja mpira wa mafuta, hasa pale unapopenya ukuta wa tangi: ufa mdogo unavuta hewa badala ya mafuta. Halafu jaribu tundu la kupumulia la tangi. Mashine ikianza kufifia, izime, legeza mfuniko, funga, washa tena. Ikipata nguvu kwa dakika chache kisha ikarudia, tundu limeziba. Tangi haliingizi hewa, kwa hiyo mafuta hayatoki.

Filta ya hewa ioshe kwa maji ya sabuni kama ni ya aina inayooshwa, ikauke kabisa. Ikiziba, mashine inatoa moshi mwingi na plagi inakuwa nyeusi yenye unyevu. Plagi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe ni onyo kwamba mafuta hayatoshi. Nafasi kati ya ncha za plagi ni milimita 0.5.

Ondoa ekzosi, safisha kiwavu chake cha kuzuia cheche kwa brashi ya waya. Kabla ya kuirudisha, vuta kamba polepole na uchungulie pistoni kupitia tundu la ekzosi kwenye silinda. Ukiona mikwaruzo ya wima, acha gharama za kabureta. Injini inadai pistoni na ringi, pengine na silinda.

Pistoni ikiwa safi, fungua kabureta. Ndani kuna kichujio cha wavu mdogo kuliko ukucha, na mara nyingi ndicho kilichoziba. Daiframu, ule utando mwembamba wa ndani, inapaswa kuwa laini. Ikikakamaa, nunua seti nzima ya matengenezo. Vitundu visafishe kwa dawa ya kabureta, usichokonoe kwa waya.

Resi ikipanda yenyewe baada ya kuachia mafuta, au sailensa isipotulia popote, hewa inavuja: kagua mpira kati ya kabureta na silinda, kisha sili za krenki.

Sasa bisibisi. Pasha mashine moto dakika tatu hadi tano, mnyororo ukiwa mkali. Funga H taratibu hadi igote, usikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja. Rekebisha L (skrubu ya mafuta ya resi ndogo) na sailensa kwanza, ndipo H, kwa moja ya nane ya mzunguko kila mara. Ukibana hadi mwisho bila mzigo, kwa sekunde chache tu, sauti inayofaa ina mgugumio mwepesi unaopotea ukiingia kwenye mti. Ikilia nyembamba na laini moja kwa moja, mafuta ni haba: fungua H. Mashine zenye kabureta ya kujirekebisha hazina skrubu hizi.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kuliko pwani. Chensoo iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika Mwanza itazidiwa mafuta: moshi, uzito, resi isiyofika. Funga H kidogo. Ikirudi pwani, ifungue tena kabla ya kukata gogo la kwanza, la sivyo itafanya kazi kwa njaa ya mafuta.