Jinsi ya kuwafungulia watu wa mitaani mlango wa choo cha umma

Vyoo vya umma katikati ya Nairobi vipo. Lakini mlangoni unalipa shilingi 10, na usiku ukiingia vingi vinafungwa. Anayelala nje akienda mara nne kwa siku amemaliza shilingi 40, na huenda chupa alizookota tangu asubuhi hazijampa hata pesa ya chai. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya watu 15,000 wa familia za mitaani Nairobi pekee. Kikundi chetu cha kujitolea hufuata hatua zilizo hapa chini ili waingie, na watu watano wanatosha kuanza.

Hatua ya 1: Tembea kabla ya kuchanga pesa

Chagua mitaa michache tu. Ipitie alfajiri, mchana na saa tatu usiku. Andika kila choo: kinafunguliwa lini, maji yapo, komeo la ndani linafunga? Kisha nenda maskani, yaani pale familia za mitaani zinapokaa, wenyewe huita besi, na uwaulize akina mama wanajisaidia wapi usiku. Usipige picha. Usimwite mtu chokoraa, hata kama wenzake wanamwita hivyo.

Hatua ya 2: Elewana na mhudumu wa choo

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Wengi hukimbilia ofisi za kaunti kwanza, ilhali anayefungua na kufunga ni yule mama aliyeketi mlangoni na mkebe wa sarafu na vipande vya tishu alivyokunja mapema. Jioni ana hesabu ya kupeleka kwa kikundi kinachoendesha choo. Ukimwomba aingize watu bure, unamwomba alipe yeye.

Kwa hiyo nunua nafasi mapema: shilingi 1,000 kwa tiketi 100, mkubaliane mbele ya msimamizi wake na mwandikiane. Tiketi iwe kipande cha kadi chenye mhuri tu. Zetu za kwanza tuliziandika "Familia za Mitaani" kwa herufi kubwa. Kijana mmoja alipokea yake, akaisoma, akaikunja hadi ikawa ndogo kama punje ya mahindi, akanirudishia. Tulizichoma zote. Mpe mtu kitu anachoweza kukishika hadharani bila kutangazwa.

Gawa tiketi kupitia kiongozi wa maskani, lakini za akina mama na wasichana wape wenyewe mkononi. Waongezee sodo, na mwombe mhudumu aweke ndoo yenye kifuniko ndani ya choo cha wanawake.

Hatua ya 3: Shika ufagio

Mhudumu akiona mnasafisha naye kila Jumamosi, maneno ya "hao watu wanachafua" hupungua. Vaeni glavu na viatu vya mpira. Osheni kwa sabuni kwanza, kisha kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji, mkiiacha dakika 10 kabla ya kusuuza. Msiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Waalike vijana wa maskani wafanye kazi hii pamoja nanyi, na muwalipe.

Hatua ya 4: Usiku

Hii ni ngumu, na sisi tumefanikiwa kwa choo kimoja tu. Tulichanga mshahara wa mlinzi na taa ya sola, choo kikafunguliwa hadi saa sita usiku. Bila mwanga na mlinzi usijaribu. Mwanamke hataingia, na ana haki ya kuogopa.

Hatua ya 5: Sasa andika barua

Ipelekeni kwa mwakilishi wadi na afisa wa afya ya umma, mkiwa na daftari lenu la tiketi. Tajeni Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Ombeni jambo moja linalopimika: choo fulani, saa fulani, bila malipo.

Kila Jumamosi hesabuni tiketi zilizotumika ambazo mhudumu amewarudishia. Zikiwa chache, nendeni maskani mkaulize siku hiyo hiyo. Wiki moja zilirudi 40 tu kati ya 100. Mhudumu wa zamu ya jioni alikuwa mgeni, hakuna aliyemweleza habari za tiketi, na alikuwa akiwafukuza.